Mwanafunzi anayehama chuo asirudishwe mwanzo

Mwezi uliopita mzee mmoja, jirani yetu wa siku nyingi kule nyumbani, alifunga safari hadi ofisini mwangu akiwa na barua mkononi na simanzi usoni. Kitindamimba wake alikuwa amekubaliwa kwenda kusoma California, nchini Marekani. Niliinuka kumpa mkono wa pongezi, lakini mzee akaniashiria niketi kwanza. "Mwanangu," akasema, "hebu isome hiyo barua vizuri. Si chuo kikuu. Wameandika kwamba ni chuo cha jamii. Je, nimeuza ng'ombe wanne ili mtoto apande ndege aende kusoma chuo cha kijiji?"

Sikumcheka. Katika fikra zetu Wakenya, elimu ya juu ina mlango mmoja tu, na asiyeupitia mara amalizapo kidato cha nne huhesabiwa kuwa ameanguka, hata kama yuko chuoni akisoma usiku na mchana. Mimi mwenyewe nilipopata barua kama hiyo mwaka wa 1999, niliificha chini ya godoro kwa juma zima kabla ya kumwonyesha mama. Nilikuwa nimepata C+ katika mtihani wa KCSE wa 1997, alama iliyotosha kwa mujibu wa kanuni lakini haikutosha kwa mujibu wa vitanda. Bodi ya pamoja ya udahili ya wakati huo, ile tuliyoizoea kwa jina la JAB, ilichukua wanafunzi kulingana na nafasi za malazi zilizokuwepo katika vyuo vikuu vya umma, na mstari wake ulipita juu ya kichwa changu. Ami yangu aliyekuwa akiishi karibu na Los Angeles ndiye aliyenitafutia nafasi katika chuo cha jamii cha mtaani kwake. Kwa hiyo mzee alipoketi mbele yangu na huzuni yake, nilikuwa nikiitazama huzuni niliyoijua.

Hebu tueleze basi vyuo hivi ni nini. Chuo cha jamii ni chuo cha umma cha miaka miwili. Huko California hakimwulizi mtu alama za shuleni. Aliyetimiza umri wa miaka 18 na anayeweza kufaidika na mafunzo hufunguliwa mlango. Humo utawakuta mafundi wa magari, wauguzi, akina mama waliorejea darasani baada ya kulea watoto, na vijana wanaosoma masomo yale yale yasomwayo na wenzao wa mwaka wa kwanza na wa pili wa chuo kikuu. Kundi hili la mwisho halikusudii kukaa. Linakusudia kuhamia chuo kikuu cha umma cha miaka minne na kuingia moja kwa moja mwaka wa tatu.

Chuo cha kwanza cha umma cha namna hiyo kilianza mjini Joliet, katika jimbo la Illinois, mwaka wa 1901. California ndiyo iliyolifanya wazo hilo kuwa mpango wa jimbo zima, kwa sheria iliyotiwa sahihi na gavana Pat Brown mwaka wa 1960, wakati Clark Kerr alipokuwa rais wa Chuo Kikuu cha California. Mpango wenyewe ulikuwa na ngazi tatu. Chuo Kikuu cha California kingechukua wanafunzi kutoka sehemu moja ya nane ya juu ya wahitimu wa shule za upili. Mfumo wa pili, ambao leo waitwa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, ungechukua kutoka thuluthi moja ya juu. Vyuo vya jamii vingempokea kila ajaye, na aliyefanya vyema huko angehamia katika mojawapo ya mifumo hiyo miwili. Ikumbukwe kwamba ni ahadi hii ya kuhama iliyouokoa mpango wote usiwe wa kuwagawa watoto mafungu matatu ya maisha wakiwa na umri wa miaka 17.

Leo vyuo vya jamii vya California ni 116, navyo vina wanafunzi wapatao milioni mbili. Karibu 3 kati ya kila 10 wanaohitimu Chuo Kikuu cha California walianzia huko. Katika mfumo ule wa pili ni takriban nusu. Nilimwuliza mzee ni kijiji gani hicho chenye wanafunzi milioni mbili. Akatabasamu kidogo. Nikamwambia pia habari ya karo, ambayo ndiyo iliyomfanya akunjue uso: mkazi wa jimbo hulipa dola 46 kwa yuniti moja, kiwango ambacho kimedumu tangu 2012. Mgeni wa ng'ambo kama mwanawe hulipa mara kadhaa ya hiyo, lakini bado ni pungufu mno ya kile ambacho angelipa chuo kikuu kwa masomo yale yale ya miaka miwili.

Yuniti, kwa msomaji asiyelijua neno hilo kwa maana ya huko, ni kipimo cha uzito wa kozi. Kozi ya kawaida huwa na yuniti 3, na mwenye yuniti 60 zinazokubalika ndiye anayehesabiwa kuwa amemaliza nusu ya safari ya shahada. Neno "zinazokubalika" ndilo lenye kisirani.

Nililifahamu neno hilo kwa gharama kubwa. Siku mbili baada ya kushuka kwenye ndege, usingizi wangu ukiwa bado unafuata saa za Nairobi, nilifanyishwa mtihani wa kuwapanga wanafunzi. Mtihani ukanitupa katika aljebra niliyokuwa nimeisoma kidato cha pili na cha tatu. Nikatii. Mgeni hutii. Kwa mihula miwili nililipa karo ya mgeni nikikokotoa milinganyo ambayo ningeliweza kuwafundisha wenzangu, na mara kwa mara niliwafundisha. Nilipokuja kuhama, hapakuwa na hata yuniti moja ya kozi hizo mbili iliyokubaliwa, kwa sababu zilikuwa chini ya kiwango cha chuo kikuu. Hakuna aliyenidanganya, ni kwamba hakuna aliyeniambia. Walikuwa maelfu kwa maelfu waliokwama hapo, na wengi hawakutoka. Ilibidi ingojewe sheria ya mwaka wa 2017 ndipo vyuo vya California vikazuiwa kumrundika mwanafunzi katika kozi za namna hiyo ilhali rekodi yake ya shule ya upili yaonyesha anaweza kuanzia juu zaidi.

Aliyeniokoa ni mshauri wa masomo wa chuo kile, mama wa makamo ambaye mlangoni pake palikuwa na foleni kama ya kliniki. Alinipa dakika 20. Alifungua kompyuta yake na kunionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiona katika maisha yangu ya mwanafunzi: jedwali la makubaliano. Upande mmoja ziliorodheshwa kozi za chuo chetu cha jamii. Upande wa pili ziliorodheshwa kozi za chuo kikuu nilichokitamani, kwa taaluma niliyotaka kuisomea, na kila kozi ya huku ilikuwa imeoanishwa na ya kule. Palipokosekana mwenzi paliandikwa waziwazi kwamba hakuna. Hazina hiyo ya makubaliano huitwa ASSIST. Ilianza miaka ya 1980, na hadi leo yeyote anaweza kuifungua bila kulipa senti wala kuomba ruhusa. Nikatoka ofisini kwa mama yule na karatasi moja, na kuanzia siku hiyo sikuchukua tena kozi ambayo haikuwa kwenye karatasi.

Niruhusiwe kando hapa kusema neno la kitaaluma. Istilahi ya Kiingereza wanayoitumia kwa makubaliano hayo ni ile ile ambayo sisi wanaisimu twaitumia kwa utamkaji wa sauti. Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kiungo, kama viungo vya vidole. Nilipokuja kulijua hilo nilifurahi peke yangu, kwa maana laeleza jambo kamili: kozi mbili za vyuo viwili haziwi kidole kimoja mpaka pawepo kiungo, na kiungo hakioti baada ya mtoto kuzaliwa.

Nisije nikaonekana kana kwamba miaka ile ilikuwa ya kuhesabu yuniti tu. Katika kujaza pengo la lugha ya kigeni nilisoma Kihispania, jioni, pamoja na mpishi wa hoteli na bibi mstaafu. Siku ya kwanza nilikutana na "hasta", yenye maana ya mpaka, na nikaisikia "hata" yetu ya "hata lini". Juma la pili nikakutana na "azúcar", nikaisikia sukari. Mwalimu wetu hakujua Kiswahili, lakini alijua kwamba Waarabu walikaa Uhispania kwa karne kadhaa, na nilipomweleza kwamba walifanya biashara pwani ya kwetu pia, alisimamisha somo ili niwaandikie wenzangu maneno ubaoni. Nilikuwa nimekwenda Marekani kusomea uhasibu. Mwanaisimu anayekuandikia makala hii alizaliwa jioni ile, katika chuo ambacho nilikificha jina chini ya godoro.

Mwaka wa 2002 nilihamia chuo kikuu cha umma, nikaingia mwaka wa tatu, na mwaka wa 2004 nikahitimu. Darasani hapakuwa na aliyejua nani alihamia na nani aliingia moja kwa moja.

Hata hivyo, singependa msomaji adhani kwamba nawasifia Wamarekani kitu kilichokamilika. La hasha. Mkaguzi mkuu wa jimbo la California alitoa ripoti mwaka wa 2024 iliyoonyesha kwamba katika kila wanafunzi 5 wa vyuo vya jamii walioanza wakiwa na nia ya kuhama, ni mmoja tu, au zaidi kidogo, aliyekuwa amehama baada ya miaka minne. Nayo ofisi ya ukaguzi ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria mwaka wa 2017 kwamba mwanafunzi anayehama kutoka chuo kimoja hadi kingine nchini humo hupoteza kwa wastani asilimia 43 ya yuniti alizokwisha kuzipata. Huo ni karibu mwaka mmoja kati ya miwili, na karo yake, na umri wake.

Sababu si uvivu wa wanafunzi. Vyuo vikuu vya mfumo mmoja vilitaka masharti tofauti kwa taaluma moja, hivyo aliyejiandaa kwa chuo hiki alijikuta hakujiandaa kwa jirani yake. Utangulizi wa saikolojia ulibeba nambari moja katika chuo cha mashariki mwa mji na nambari nyingine katika chuo cha magharibi mwa mji huo huo, ingawa kitabu kilikuwa kimoja. Jimbo la Florida lilikuwa limelitatua tatizo hilo la nambari tangu miaka ya 1970. California ililipitishia sheria mwaka wa 2021. Kabla ya hapo, sheria ya 2010 ilikuwa imeunda shahada maalumu ya miaka miwili kwa ajili ya kuhama. Mwenye kuipata, kwa yuniti zake 60, huhakikishiwa nafasi katika mfumo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California na kwamba akiendelea na taaluma ile ile hatatakiwa zaidi ya yuniti 60 nyingine ili amalize. Hahakikishiwi chuo anachokipenda ndani ya mfumo huo. Hilo ni pungufu kubwa kwa mama mwenye watoto asiyeweza kuhama mji. Na sheria nyingine ya 2021 ilivitaka vyuo vya mifumo yote miwili kukubali orodha moja ya masomo ya msingi, orodha iliyoanza kutumika mwaka wa 2025. Miaka 65 baada ya ile ahadi ya kwanza!

Lakini tazama jambo moja. Huko kasoro hizi zinahesabiwa, zinachapishwa, na wanaoulizwa ni wakuu wa vyuo na wabunge. Mwanafunzi anapopoteza yuniti, swali ni kwa nini makubaliano hayakuandikwa. Haliwi swali la kwa nini mwanafunzi amekuja.

Mzee wangu aliondoka na karatasi niliyomwandikia mwanawe, nami nairudia hapa kwa wazazi wengine walio katika hali yake. Kijana afungue jedwali la makubaliano kabla ya kujiandikisha kozi ya kwanza, wala asingoje mwaka wa pili. Achague vyuo vikuu viwili au vitatu na ataje taaluma mapema, kwa maana jedwali hubadilika kwa kila taaluma. Asishuke chini ya yuniti 12 kwa muhula, kwani viza ya mwanafunzi humtaka asome kwa muda kamili. Ajue kwamba maombi ya kuhama hupelekwa msimu wa Oktoba na Novemba, karibu mwaka mzima kabla ya kuingia chuo kikuu. Anayehesabu miaka miwili kwa vidole hushtuka kuona kwamba ana mwaka mmoja na miezi mitatu tu wa kujionyesha. Chuo Kikuu cha California humtaka asiye mkazi wa jimbo awe na wastani wa alama usiopungua 2.8, ilhali mkazi hutakiwa 2.4. Na atunze muhtasari wa kila kozi aliyosoma, hata ile ya aljebra.

Sasa, msomaji, nirudi nyumbani, maana ushauri huo wa mwisho ndio uliokuwa ukinichoma nikiuandika.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi katika kamati ya idara iliyopokea maombi ya walimu wenye stashahada waliotaka kusomea shahada ya ualimu. Miongoni mwa faili zilizokuwa mezani ilikuwemo ya mwalimu mmoja wa Kiswahili, mwanamke wa shule ya upili ya kutwa, mwenye stashahada na tajriba ya miaka 9 darasani. Aliomba asamehewe kozi 5 za mwaka wa kwanza, zikiwemo utangulizi wa isimu na fonolojia ya Kiswahili. Aliambatisha hati ya matokeo, na matokeo yenyewe yalikuwa mazuri. Hakuambatisha mihtasari ya kozi, kwa kuwa hakuna aliyepata kumwambia kwamba siku moja itatakiwa. Mwenzetu mmoja akasema kozi ya stashahada hufundishwa kwa saa 35 na yetu kwa saa 45. Mwingine akauliza ni nani aliyeifundisha. Saa ya chakula cha mchana ilikuwa imekaribia. Tukaandika "haikukubaliwa", nami nikatia sahihi. Shughuli yote haikufika dakika 10.

Likizo ya Agosti iliyofuata nilimkuta darasani mwangu, katika masomo ya walimu ya wakati wa likizo, ameketi safu ya nyuma. Nilikuwa nikieleza tofauti kati ya "m" ya mbwa na "m" ya mbali, nikichora ubaoni na kujikanyaga kwa istilahi. Akainua mkono kwa adabu. Akasema kwamba yeye huwapigisha makofi wanafunzi wake wa kidato cha kwanza. Mbwa hupigiwa makofi mawili, na mbali hupigiwa makofi mawili. Kisha huwauliza: "m" ya neno lipi imepata kofi lake peke yake? Katika mbwa ni silabi kamili, tena ndiyo iliyobeba mkazo. Katika mbali imekumbatiwa na sauti inayoifuata. Darasa zima likapiga makofi kwa zamu, likaelewa. Nilisimama na chaki yangu nikiikumbuka sahihi yangu.

Alihitimu, baada ya likizo nyingi. Siku ya mahafali alinijia akanishukuru kwa heshima ambayo sikuistahili, halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Daktari, mimi silalamiki. Ila zile kozi tano ndizo zilizokuwa karo ya kifungua mimba wangu ya kidato cha kwanza. Alikaa nyumbani muhula mmoja."

Wapo watakaosema kwamba huyo ni mmoja. Si mmoja. Nimeona ombi likikubaliwa katika idara moja na ombi linalofanana nalo likikataliwa katika idara ya pili, ghorofa moja juu. Nimeona mwenye stashahada akisamehewa mwaka mzima kwa kuwa mkuu wa kamati aliwahi kufundisha chuoni kwake, na mwingine akirudishwa mwanzo kwa kuwa hakuna aliyekijua chuo chake. Tunaliita jambo hili msamaha wa kozi, na jina lenyewe latusuta: msamaha huombwa na mkosaji.

Si kwamba nchi haijafikiri. Sheria ya mwaka wa 2014 ilianzisha mamlaka ya kitaifa ya viwango vya kufuzu, na katika mfumo wake stashahada imewekwa kiwango cha 6 na shahada ya kwanza kiwango cha 7. Ni kazi njema. Lakini kuviweka vyeti katika rafu mbili zinazofuatana si sawa na kuweka ngazi kati ya rafu hizo. Mwaka mmoja kabla ya sheria hiyo, vyuo vyetu viwili vikongwe vya ufundi, Kenya Polytechnic cha Nairobi na Mombasa Polytechnic, vilikuwa vimekabidhiwa hati za kuwa vyuo vikuu kamili. Sipingi kupandishwa kwao, na stashahada bado zinafundishwa humo. Nasema tu kwamba tulipotaka kumwinua mwanafunzi wa stashahada tulilipandisha cheo jengo lake, tukamwacha yeye mlangoni na hati yake. California ilishikilia tangu 1960 kwamba chuo cha jamii kibaki chuo cha jamii, kisha ikakazana, kwa kuchechemea kama nilivyoeleza, na njia ya kutoka humo. Ni kuanzia 2014 tu ambapo baadhi ya vyuo hivyo viliruhusiwa kutoa shahada zake vyenyewe, nazo ni chache, za taaluma za kikazi ambazo vyuo vikuu vya umma havizifundishi.

Wenzangu wahadhiri wana hoja moja nzito ambayo si haki kuipuuza. Husema: tukimpokea kila mwenye stashahada mwaka wa tatu, tutashusha hadhi ya shahada. Naielewa hofu hiyo. Nimewahi kusahihisha insha za wanafunzi ambao stashahada zao zilinishangaza. Takwimu za Chuo Kikuu cha California zaonyesha kwamba wanaohamia huko huhitimu kwa kiwango kinachokaribiana na cha walioingia moja kwa moja kutoka shuleni, lakini sitalitegemea hilo sana, kwani waliofika hadi hapo wamekwisha kupepetwa. Jibu langu ni jingine. Nani huandika yale makubaliano ya California? Wahadhiri wenyewe. Mhadhiri wa chuo kikuu huusoma muhtasari wa kozi ya chuo cha jamii, hutazama kitabu, saa na mitihani, kisha hukubali au hukataa. Ni ulinzi ule ule tunaoupigania sisi. Tofauti iko katika siku ya kuufanya. Wao huufanya kabla mwanafunzi hajajiandikisha, ili asiichukue kozi isiyomfaa. Sisi huufanya baada ya kuisoma, kuilipia na kuifaulu, halafu tunamwambia kwamba ilikuwa bure.

Na kama kozi ya stashahada ina saa 35 na yetu ina 45, je, hatuwezi kuandika leo kwamba mwenye kuipita atasoma mada mbili za ziada na kufanya mtihani mmoja? Kwa nini saa 10 zinazopungua zizifute zile 35?

Kwa walimu wa vyuo vya stashahada nina ombi dogo. Mpeni mwanafunzi muhtasari wa kila kozi, wenye saa, mada na muhuri, siku anapoimaliza. Karatasi hiyo moja ingelikuwemo ndani ya faili ile, sidhani kwamba hata njaa yetu ya adhuhuri ingelitupa kisingizio.

Kwa upande wangu nimeanza kuandika jedwali. Lina kozi 6 tu za isimu na Kiswahili, za chuo kimoja cha ualimu kilicho jirani nasi na za idara yetu, kozi ya huku ikioanishwa na ya kule. Mwalimu mkuu wa chuo hicho amekubali tuketi. Katika idara yangu wapo wanaoguna, na mmoja ameniuliza kwa utani kama nimetumwa na Wamarekani.

Ilinipasa kujua kilichofundishwa hasa katika kozi ya fonolojia ya stashahada, nikampigia simu yule mwalimu kumwomba madaftari yake ya zamani kama bado anayo. Aliyatuma kwa matatu, manne, yakiwa yamefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli. La fonolojia lina kurasa 112, na mwandiko wake ni safi kuliko wangu. Nimelisoma lote. Mwezi ujao nitaingia nalo kikaoni, pamoja na lile faili lenye sahihi yangu.